Tai Aliyefumuliwa

Ngagara, Jumapili tarehe 7 Septemba. Asubuhi vumbi limetanda, jua jekundu lisilo na makali, milima ya Kongo haionekani ng'ambo ya ziwa. Hakuna upepo. Mvua bado.

Kaneza wangu,

Nimeanza kama ninavyoanza daftari langu la kila siku, maana mkono umezoea hivyo. Unalijua, umelicheka mara nyingi: tarehe, hali ya hewa, mambo ya siku, na mwishoni kabisa saa uliyolala wewe. Hilo la mwisho lilianza ulipokuwa mchanga, una homa isiyoshuka, muuguzi akaniambia niandike saa unazolala ili daktari azione. Homa ilipona, mimi sikuacha. Umekuwa msichana mzima na bado naandika. Kesho usiku mstari huo utabaki mtupu. Atakayejua umelala saa ngapi ni shangazi yako Jagoda, kule Kroatia, katika nyumba aliyozaliwa baba yako. Na hata hataandika.

Umeona? Nilijiahidi nisimtaje shangazi yako kabla ya ukurasa wa pili.

Habari za baridi, za pesa, za wanaume na za kusali umeambiwa na kila aliyepita mlango huu tangu karatasi zako zitoke. Mjomba wako Mpozenzi peke yake amekupa mawaidha ya kuwatosha watu wanne, yeye ambaye hajawahi kupanda ndege. Siyarudii. Nataka kukuandikia juu ya majina yako, la upande wa baba na la upande wangu, na juu ya kile kitambaa chenye tai. Tangu siku ya sherehe tumekuwa tukikizunguka kama watu wanaozunguka dimbwi la maji sebuleni, kila mmoja akingoja mwenzake achukue tambara la kupangusia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokulea nayo. Haikuwa ya baba yako, na nyumbani kwa wazazi wangu tulisema Kirundi. Lakini yeye alikuwa ameishi Bukavu kabla ya kuja huku, nami nilikuwa nimekulia Jabe, na Kiswahili ndicho tulichokutana nacho katikati.

Kazi yangu ni majina. Pale zahanati nakaa mlangoni, mgonjwa akifika namwuliza: jina lako, jina la baba, jina la mama, kilima cha asili, maana kwetu kijiji ni kilima. Nauliza yote hayo kwa sababu kwetu jina la mtu halikuambii katoka kwa nani. Asubuhi moja naweza kuandika akina Ndayizeye watatu wameketi benchi moja, na hakuna anayemjua mwenzake. Baba ana jina lake, mama lake, watoto kila mmoja lake. Na mara nyingi jina ni neno ambalo mzazi alitaka jirani alisikie. Babu yako alifukuzwa na ndugu zake katika ugomvi wa shamba, akaja mjini akapanga chumba Jabe. Kaka yangu alipozaliwa, akamwita Mpozenzi: nanyamaza, lakini najua. Nilipozaliwa mimi kesi ilikuwa imeshakwisha, naye ameshindwa, akaniita Ntahomvukiye: sina mahali nilipozaliwa. Kila aliyeniita alikuwa anawapelekea baba zangu wakubwa maneno ambayo wao, huko kilimani, hawakuyasikia hata siku moja. Mjomba wako hajawahi kunyamaza tangu ajue kusema. Mimi langu lilinishika.

Sasa sikiliza jinsi nilivyoandika jina la baba yako mara ya kwanza. Alikuja nchini kuchimba visima, akaletwa zahanati anatetemeka kwa malaria, mrefu, miguu imejaa tope.

"Jina?" nikamwuliza.

"Lončarić." Akanitajia herufi moja moja, akaniomba kalamu aweke mwenyewe vile vialama vya juu.

"Jina la baba?"

"Lončarić."

"La mama?"

"Lončarić."

Nikaweka kalamu chini. "Muzee, mi nauliza majina ya watu watatu."

"Ni hilo hilo," akasema, meno yanagongana. "Siye wote ni Lončarić. Hata kaburi."

Kisha akaniuliza langu. Nikamwambia, na maana yake pia, kwa sababu aliuliza maana. Akafikiri kidogo, jasho linamtoka, akasema, "Basi utazaliwa kwetu." Nikamwambia aende akachomwe sindano.

Nilimwonea wivu siku hiyo hiyo, Kaneza, kabla ya kumpenda. Mtu ambaye jina lake lilikuwa kama nyumba, babu kaacha mlango wazi, mjukuu kaingia. Mimi langu lilikuwa barua iliyopotea njiani. Na unajua nini? Yeye aliuliza maana ya jina langu akiwa na homa ya digrii arobaini. Mimi nilikaa naye miaka kumi na miwili, nikampikia, nikamfulia zile suruali za udongo, nikazaa naye, nisimwulize maana ya lake. Nilidhani majina makubwa hayana maana, yana ukubwa tu. Ningemwuliza, pengine leo nisingekuwa na barua ya kuandika, ningekuwa nimekukumbatia tu nikalala.

Ulipozaliwa akakuandikisha Ana, jina la mama yake, na Lončarić. Mimi nikakuita Kaneza, jambo jema, maana nilichoka na majina ya kugombeza watu. Kwetu mtoto ndiye anayempa mzazi jina. Tangu wiki ile hakuna mtu Ngagara aliyeniita Ntahomvukiye tena. Nikawa Mama Kaneza kwa jirani, sokoni, kanisani, hata kwa mkubwa wangu wa kazi. Naye, mzungu wa visima, akawa Papa Kaneza mpaka kwa muuza mkate, na alilipenda kuliko lile la pasipoti. Kwao jina linashuka kutoka kwa wazee. Kwetu linapanda kutoka kwa mtoto. Ndiyo maana shangazi yako anapokuita Ana, Ana peke yake, na karatasi zile za uraia alizokutengenezea zinapokuja zimeandikwa Ana Lončarić bila Kaneza hata kwa herufi ndogo, si wewe tu unayepungukiwa. Hilo ndilo lililonikaa kooni mwaka mzima. Wewe uliniambia, "Mama, ni karatasi tu." Lakini mimi naandika watu kwenye karatasi kila siku. Najua mtu asipoandikwa hatibiwi.

Baba yako moyo ulipoanza kumsumbua alirudi kwao kutibiwa. Karatasi zangu za kumfuata zilichelewa. Jina langu na lake hayakufanana, ikabidi kila kitu kithibitishwe upya, na zilipotoka alikuwa ameshazikwa. Shangazi yako akanitumia picha. Jiwe jeusi, juu wameandika kwa lugha yao kwamba hii ni familia ya Lončarić, halafu chini yake babu, bibi, na baba yako. Chini ya jina la baba yako jiwe lilikuwa laini, halina herufi. Wewe ulikuwa mdogo, ulitazama maua. Mimi nilitazama ile sehemu laini. Nikaelewa nafasi ile imewekewa wenye jina lile, wewe ukiwemo, nikaelewa pia kwamba mimi simo.

Toka hapo shangazi yako akaanza kupiga simu. Kwanza sikukuu tu. Halafu kila mwezi. Halafu ukaanza kumwita teta, kama wanavyomwita shangazi kwao, ukaanza kujifunza maneno, na Jumapili jioni ukawa unaingia chumbani na simu na kucheka kicheko nisichokijua. Sikuweza kulalamika. Hata kwa mila zetu shangazi ana sauti juu ya mtoto wa kaka yake, na huyu hakuwa na mtoto mwingine wa kumpigia. Anakuita "Ana moja", yaani Ana wangu. Mjomba wako aliposikia akasema, "Moja tu? Basi mwingine abaki huku kwetu." Tulicheka wote. Mimi nilicheka, kisha nikatoka uani nikafua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa.

Ndipo nikafanya lile kosa.

Nilikuwa nimesikia kwamba koo za Ulaya zina nembo, ngao iliyochorwa wanyama na taji, na kila ukoo una yake. Nikawaza: shangazi yako atakupokea uwanja wa ndege, atakupeleka nyumbani, atafungua kabati, atakuonyesha nembo ya baba yako, nawe utalia mabegani mwake. Picha hiyo ilininyima usingizi. Nikaamua nikupe mimi kwanza. Nikukabidhi ukoo wa baba yako kwa mkono wangu, mbele za watu, yeye aje kukukuta unao tayari.

Nikaenda Jabe kwa fundi Riziki, yule wa kutoka Uvira anayedarizi mavazi ya mapadri na beji za timu za mpira.

"Mama Kaneza, we nipe jina tu," akasema. "Nembo iko kwa telefone."

"Ni jina ya kizungu. Utaipata?"

"Bazungu njo bako na nembo. Siye tuko na vilima." Akaandika, akasukuma kidole juu, akasukuma chini. "Yee! Ona iyi tai!"

Nilimwona. Tai mweusi amekunjua mabawa kwenye ngao ya buluu, kucha nje, taji juu ya kichwa, na chini jina lenu lote. Sitakudanganya, nilikuwa nimeshafungua pochi.

"Una hakika ni ya ukoo huu?"

"Mama, jina si njo ile imeandikwa pale? Tai hawezi kudanganya."

Ningekuwa kazini ningemwuliza huyo tai jina la baba, jina la mama, kilima cha asili. Mimi, ambaye kila siku nawaandika akina Ndayizeye watatu wasio ndugu, niliamini kwamba jina moja huko Ulaya ni damu moja. Nilichagua mahameli mazuri, uzi wa kung'aa kwa taji, na siku ya sherehe yako ya kuaga nikakitundika kitambaa ukutani juu ya meza, mahali pa kalenda.

Siku ile unaikumbuka, lakini nataka uione kutoka kwenye kiti changu.

Watu wamejaa, mishikaki inazunguka. Mama Chantal wa nyumba ya pili anasimama mbele ya kitambaa, mikono kiunoni. "Eh weh! Sasa hii ndege itakula nini humu Ngagara?"

"Itaanza na kuku zako," mjomba wako anamjibu, "halafu itakuja kwa deni zako."

Ninakuita, ninasema maneno niliyokuwa nimeyaandaa, kwamba huu ndio ukoo wako, kwamba baba yako alikuachia kitu kikubwa. Unafunika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yanakutoka na mimi nahesabu kila chozi kuwa langu. Halafu simu inalia. Teta. Unaielekeza ukutani ili aone.

Kwenye simu yule mama anavaa miwani, anasogea, anavua, anavaa tena. Anasema kitu. Unaanza kucheka kisha unaacha.

"Amesema nini?" nakuuliza.

"Anauliza... anauliza hiyo kuku ni ya nani."

Sebule nzima ikaangua kicheko, hata mimi nusu. Halafu akaeleza, nawe ukatafsiri, sauti yako ikizidi kupungua. Kwamba wenye kurasa hizo za mtandaoni humuuzia tai mtu yeyote mwenye jina lolote. Kwamba pengine kulikuwa na mabwana wakubwa wenye jina hilo mahali fulani, wakapewa nembo na mfalme, lakini nembo hupewa mtu na watoto wake, haipewi jina, na hao si ndugu zenu. Akina Lončarić wako vijiji vingi na wengi hawajuani. Kwamba wenu walitoka mahali penye udongo mzuri. Mapadri walipoanza kuandika vitabu vya ubatizo walimwuliza mtu anaitwaje, watu wakasema ni yule mfinyanzi, na watoto wake wakaandikwa hivyo: wa mfinyanzi. Lončar ni mtu wa kufinyanga vyungu. Basi. Nembo hatuna, akasema, babu alikuwa na msumari mlangoni wa kutundikia kofia.

Pakawa kimya. Wewe umezaliwa hapa lakini una ngozi ya baba yako na hukuwahi kuishi kilimani, kwa hiyo kimya kile hukukielewa mara moja. Watu wengine wote walikielewa: kwetu wafinyanzi hawashiriki kikombe na watu.

"Mufinyanzi?" Mama Chantal akasema polepole. "Kama bale ba kubumba nyungu?" Na nikaona mkono wake ukisogeza glasi yake mbali kidogo na yako. Sidhani kama yeye mwenyewe aliuona.

Na mimi nikatabasamu.

Unaweza kusahau mengine yote ya siku ile, hilo najua hukulisahau. Ulinitazama wakati huo huo. Ulinifuata jikoni nikiwa naosha visahani visivyo vichafu.

"Mama, ulifurahi."

"Nilifurahia nini?"

"Niliona meno yako."

"Meno ni yangu, nikitaka natoa."

"We unamwonea teta wivu."

"Mi? Wivu wa nini? Yeye ana nini?"

"Baada ya wiki mbili atakuwa na mimi."

Ukatoka. Nilisimama na kisahani mkononi mpaka maji ya bomba yakafurika.

Ulisema kweli, nami sikukujibu, kwa hiyo nakujibu sasa. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja lile jina refu lenye kaburi lake na mlango wake wazi lilishuka likakaa chini sakafuni na sisi, chini kuliko sisi hata, na mimi binti wa mtu aliyefukuzwa kilimani niliona nimepata mtu wa kumtazama kutoka juu. Sikufikiri kwamba likishuka jina lile, unashuka nalo wewe. Wivu hauna hesabu nzuri.

Usiku ule nilimkumbuka mwanamke mmoja. Nilipokuwa mtoto, Jabe, alikuja msimu wa kiangazi na vyungu vimefungwa nyasi mgongoni. Bibi yangu alivigonga kimoja kimoja kwa kidole kusikiliza mlio, kwa sababu chungu kizuri kinalia, na vilikuwa vinalia. Pombe ya arusi ya shangazi zangu ilichachukia ndani ya vyungu vyake. Lakini yeye alipewa maji nje, kwenye kibuyu chake peke yake, kilichokaa kimetundikwa mbali na vyetu. Sikuwahi kuona ajabu. Wala simjui jina. Tulimwita kwa kazi yake, kama walivyomwita yule mzee wenu. Tofauti ni kwamba wa kwenu padri alichovya kalamu akamwandika, na vitukuu wake wakafika mpaka Bujumbura kuchimba visima na kunitajia herufi moja moja kwa fahari. Wa kwetu hakuandikwa popote. Hata hilo, mwanangu, naliwaza na kuona wivu, sijui hata kwa niaba ya nani.

Na baba yako. Sasa ndipo namwelewa. Unakumbuka alivyokuwa akirudi na bonge la udongo mfukoni? Kila kisima kipya alileta. Aliuviringisha kati ya vidole, akaunusa, akasema, "Huu mzuri, huu unashika," nami nikapiga kelele juu ya mifuko. Akakupa ukatengeneza ng'ombe na mabakuli, mkaanika dirishani. Nilikuwa nikiyatupa yakishapasuka. Mlikuwa mnafanya kazi ya ukoo mezani kwangu, mimi nafagia.

Siku tatu baada ya sherehe nilirudi kutoka kazini nikakuta ukutani pana msumari tu. Nilidhani umekichoma kile kitambaa. Sikuuliza. Nilipita kwa Mama Chantal kuomba chumvi, ambayo sikuihitaji, akaniambia alikuona ukielekea Jabe na kitu kimeviringishwa kwapani. Akaongeza, bila kunitazama, "Mama Kaneza, mi siku ile nilisema tu. Mutoto ni mutoto." Nikamwambia najua. Jana alikuletea kile kikapu. Kitunze vizuri, ndiyo namna yake ya kuomba msamaha.

Sasa nifike leo jioni, halafu nikuache.

Ulikuwa chumbani unaongea na shangazi yako, mlango umeegeshwa tu. Nilikuwa nimepita kuchukua pasi. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikiliza. Nilisikia ukisema jina lako.

"Ka-ne-za. Hapana, teta, si Ana. Ana pia, lakini kwanza Kaneza."

Upande wa pili akasema. Ukamrudisha. Akasema tena. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu huyo alitamke jina hilo, na kila usiku kichwani mwangu nilikuwa nikimfanya alikosee. Hakulikosea. Kaneza halina herufi hata moja ya kumshinda mtu, sisi ndio tuliohangaika na vile vialama vyao. Alilisema vizuri. Alilisema vizuri zaidi ya nilivyotaka, na sauti ikapanda mwishoni kama ya mtu aliyeonjeshwa kitu. Nikasimama na pasi mkononi, nimepata nilichokitaka, na bado hakinitoshi, maana hata hilo sasa si langu peke yangu.

Halafu akauliza kitu, nawe ukajibu, "Mama? Mama Kaneza. Kila mtu anamwita hivyo." Na yule mama, ambaye miaka yote hii ameniandikia bila jina, akasema polepole, na ule uzito wa lugha yao: "Mama Kaneza."

Nilipiga pasi mashati yote, hata ya mjomba wako.

Nilipoingia chumbani kwangu, nikakikuta kitandani, kimekunjwa vizuri. Umekiacha makusudi, najua, kwa sababu begi lako lilikuwa na nafasi. Nimekifungua chini ya taa. Tai hayupo. Fundi Riziki amemfumua mpaka taji, zimebaki kucha za mguu mmoja tu, nadhani uzi ulikuwa umeshika sana, na sasa kucha zimeshika chungu. Chungu cha kahawia, kinene, shingo imepinda kidogo upande. Lakini hakikukaa katikati. Umemwambia ashone mstari toka juu hadi chini, ngao igawanyike mbili, na chungu kikae upande mmoja tu. Upande wa pili ni mahameli matupu, na ukitazama kwa karibu unaona matundu madogo ya sindano, bawa zima la tai, lilipokuwa.

Na kikaratasi umekibana kwa pini: "Mama, teta anasema watu wa nembo walipooana waligawana ngao, nusu ya baba, nusu ya mama. Hii nusu ni yako. Sikujua niweke nini. Ukiamua, mwambie Riziki, unitumie picha."

Nimekaa nacho mapajani muda mrefu, nikiwaza niweke nini. Niliwaza kalamu. Niliwaza kilima, lakini kilima tulinyang'anywa. Nikawaza bonge la udongo kabla halijawa chungu, lile la mfukoni. Sijaamua. Huenda nikaacha hivyo hivyo, na matundu yake, maana kwa mara ya kwanza naona mahali patupu pameachwa kwa ajili yangu na ninajua ni nani aliyepaacha. Mtu akiniuliza, nitamwambia hapo ndipo nilipozaliwa, bado panashonwa.

Sikuambii kwamba wivu umekwisha. Utakapomwita teta, utauma. Utakapokosa kupiga simu Jumapili, utauma. Ukiniambia supu yake ni nzuri, niambie, lakini usiniambie mara mbili. Ule nitaubeba mwenyewe, wewe beba begi lako. Na ukienda kaburini kwa baba yako, mwambie nilichelewa kumwuliza maana ya jina lake, lakini jibu limenifikia. Mpelekee udongo wa huku kidogo. Nimeuweka kwenye soksi ya kijivu, ile nene.

Jambo moja la mwisho, na hili usimwambie shangazi yako. Unanijua mimi na rula. Nimepima ile ngao. Fundi Riziki hakuushona mstari katikati kabisa. Upande wangu umezidi kwa unene wa kidole.

Kitanda chako kimeacha kulia. Nimesimama mlangoni, nimesikiliza pumzi. Umelala saa tano na dakika arobaini usiku.